Mistari Minne ya Mwisho

Kila siku kabla ya kengele ya gwaride, Waithera alikuwa ameshasimama kando ya kipimamvua nyuma ya Darasa la Saba, katika shule yao kule Riruta. Alitoa chupa, akamimina maji kwenye kopo la kupimia, akainama mpaka jicho likawa sawa na maji, kisha akaingia darasani kuandika namba kwenye chati kubwa ya ukutani. Mwalimu Mungai alimpa kazi hiyo kwa sababu moja tu, mwandiko. Herufi zake zilisimama wima na kupangana vizuri, hata wageni walidhani chati ile ilipigwa chapa.

Mwandiko ulikuwa safi, ndiyo, lakini namba je? Kuna asubuhi Waithera alichelewa, au matope yalikuwa mengi na viatu ndiyo kwanza vimepakwa rangi. Siku hizo alitazama tu mawingu, akakisia, akaandika milimita sita, au nne na nusu. Nani angejua? Mvua haina mdomo wa kumsuta mtu.

Mwaka huo wa 2006 shule ilipata kompyuta kumi za zamani, zile zenye skrini za mgongo mkubwa, zikawekwa katika chumba kilichokuwa stoo ya madawati. Ziliendeshwa na mfumo huria, yaani mfumo usiouzwa, ambao mtu yeyote duniani anaweza kusoma jinsi ulivyoandikwa na kuurekebisha. Aliyeuweka ni Njambi, shangazi yake Waithera. Waithera alimwita Tata, kama watoto wa kwao wanavyowaita shangazi zao.

Tata Njambi aliishi katika mtaa wa Mountain View, jirani na Riruta. Asubuhi alifanya kazi katika ofisi moja mjini, na alasiri alirudi nyumbani kwenye kazi aliyoipenda kuliko zote. Kila mfumo wa kompyuta una kiini, programu ya ndani kabisa inayoamuru diski, skrini na kibodi. Ndani ya kiini cha mfumo ule kulikuwa na sehemu ndogo yenye kazi moja tu, kuandika ujumbe. Diski imeamka. Kibodi imechomekwa. Hapa kuna hitilafu. Watu waliotunza sehemu hiyo dunia nzima walikuwa wachache, na msimamizi wao alikuwa Tata Njambi.

"Mashine nayo ina mdomo," alipenda kusema. "Mimi ndiye daktari wake wa meno."

Sasa daktari huyo alikuwa na shida. Kwa miezi minane alikuwa ameiandika upya sehemu yake, na toleo jipya la mfumo lilikuwa lifungwe Jumamosi saa sita mchana, lisipokee mabadiliko mengine tena. Lakini kwenye mashine za zamani toleo hilo lilikuwa likianguka ghafla, yaani mashine inaganda na kuacha kazi, mara moja kwa siku, bila mtu kujua sababu. Mashine namba nne pale shuleni ilikuwa mojawapo.

"Tusipojua sababu kufikia Jumamosi, wenzangu wataitoa kazi yangu yote," Tata alimwambia Waithera. "Miezi minane, kwaheri."

"Kwani ujumbe wake hauwekwi kwenye diski?"

"Ikianguka hivyo haipati nafasi. Inatapika maneno yake ya mwisho kwenye skrini, basi. Ukiizima, yamepotea. Wewe una mwandiko, Waithera. Ikianguka, nakili kila kitu herufi kwa herufi, na hasa mistari ya mwisho. Hiyo ndiyo inayotuambia ilikuwa wapi ilipoanguka."

Waithera alivimba kichwa kwa furaha. Watu wa dunia nzima wangeusoma mwandiko wake!

Jumanne, muda mfupi kabla ya chakula cha mchana, mashine namba nne ikaganda. Skrini ilijaa mistari ishirini ya maneno na namba zisizoeleweka. Waithera alishika penseli akaanza kunakili polepole, bila kukosea. Alipofika mstari wa kumi na sita, kengele ikalia.

Kilonzo, mwenzake wa darasani, alichungulia mlangoni. "We Waithera! Githeri ya leo ina viazi, na laini imeshafika kwa geti!"

Waithera alitazama skrini. Mistari minne tu, na skrini haiendi popote. Akaweka penseli chini akatoka mbio.

Githeri, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, ilikuwa tamu kweli. Alikuwa akikwangua sahani wakati taa ya ofisi ya walimu ilipozimika. Stima! Alitupa kijiko akakimbia mpaka chumba cha kompyuta, na kote kulikuwa giza, skrini zote kumi.

"Mungu wangu," akasema. "Nitamwambia Tata nini?"

Angemwambia ukweli, mngesema nyinyi wasomaji, na mngekuwa sawa. Lakini Waithera aliona aibu. Alikaa chini akaitazama karatasi yake. Katika mistari ya juu neno "diski" lilijitokeza mara mbili, likifuatwa na namba. Basi akaandika mistari minne iliyofanana nayo, akabadilisha namba hapa na pale, na neno "diski" akaliweka mwishoni kabisa. Ilipendeza sana. Hakuna ambaye angeweza kuitofautisha na mingine.

Jioni ile Tata alipita kwao kuichukua karatasi. "Umepata yote?"

"Yote, Tata."

"Mwanangu, umeniokoa!" Tata alimkumbatia kwa nguvu, na Waithera hakuweza kumtazama usoni.

Alhamisi baada ya masomo, Waithera alikwenda Mountain View akamkuta Mzee Surjit sebuleni, kikombe cha chai kimepoa mbele yake. Mzee Surjit alikuwa na duka la vifaa vya umeme Biashara Street, na kama Tata Njambi, alitunza sehemu moja ya kiini. Sehemu yake ilikuwa ile ya diski. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Siku mbili, Njambi," alikuwa akisema. "Duka nimemwachia mke wangu. Nimeifungua programu yangu ya diski mstari kwa mstari. Miaka sita naitunza, haijawahi kuniaibisha. Karatasi inasema kosa liko kwangu, lakini silioni. Labda nimezeeka. Labda nimpe kijana mwingine kazi hii."

"Usiseme hivyo, Mzee."

"Niseme nini? Karatasi si hiyo?"

Tata Njambi alivuta kibodi karibu. "Basi acha niwaandikie wenzetu waitoe kazi yangu leo. Afadhali niitoe mwenyewe kuliko kukuua wewe kwa uchovu."

Waithera alisimama mlangoni, mkoba bado mgongoni. Alimtazama yule mzee aliyejishuku kwa ajili ya neno alilolitunga yeye baada ya kushiba githeri. Machozi yakamtoka kabla ya maneno.

"Tata, usiandike. Mistari minne ya mwisho si ya kweli. Nilienda kula, stima ikapotea. Niliitunga mimi."

Mzee Surjit aliweka mikono yote miwili mezani. Tata Njambi hakupiga kelele wala hakugomba, na hilo lilimuumiza Waithera kuliko kugombezwa.

"Ni mistari minne tu?" Tata aliuliza.

"Minne tu. Mingine yote ni ya kweli, naapa."

Tata alichukua kalamu nyekundu akampa. "Ikate wewe mwenyewe." Waithera akaikata, mstari baada ya mstari. Kisha Tata akamwonyesha kitu kwenye skrini ya kompyuta yake. Katikati ya ujumbe mwingi palikuwa na mstari mmoja mfupi: ujumbe 14 umepotea hapa.

"Unaona? Kiini kina daftari dogo la kuwekea ujumbe. Ujumbe ukija mwingi kwa kasi, mwingine hukosa nafasi. Programu yangu inapokosa ujumbe haitungi mwingine. Inasema umepotea, na inasema ni kiasi gani. Ndiyo maana tunauamini mwingine uliobaki. Sasa keti hapa. Watu arobaini wameisoma karatasi yako tangu niitume. Waandikie."

Aliandika: "Mimi ni Waithera wa Riruta. Mistari minne ya mwisho sikuiona. Niliitunga. Naomba radhi kwenu nyote, na kwa Mzee Surjit zaidi. Neno la diski pale mwishoni ni langu." Tata akaongeza tafsiri ya Kiingereza chini yake, wakaituma.

Mzee Surjit aliinuka, akavaa koti. Waithera alitarajia maneno makali.

"Nimekasirika, sitakuficha," alisema. "Lakini leo nitalala usingizi. Nilidhani nimezeeka."

Kulikuwa na nafasi moja tu iliyobaki. Ijumaa, Waithera alimweleza Mwalimu Mungai yote kuhusu ile karatasi, bila kuruka chochote, akaomba ruhusa ya kukaa na mashine namba nne wakati wa mapumziko yote. Mwalimu akampa ufunguo.

Mapumziko ya asubuhi yakapita, mashine nzima kabisa. Saa ya chakula ikafika, mashine inanguruma tu. Kilonzo alimletea githeri ndani ya kopo, akaketi naye.

"Leo haitakufa," alisema. "Leo imeamua kuishi."

"Nyamaza, usiipe moyo."

Zilikuwa zimebaki dakika kumi darasa lianze wakati skrini ilipoganda. Waithera alisahau kopo, akasahau Kilonzo. Alinakili mistari kumi na sita, kisha kumi na saba, kumi na nane, kumi na tisa. Mstari wa ishirini ulifika mpaka kwenye kona ya chini ya skrini, na kona ile ilikuwa imefifia kwa uzee. Alama mbili za mwisho hazikusomeka. Aliinama huku na huku, akafunika mwanga kwa sweta, wapi!

"Hiyo ni tatu na saba," Kilonzo alisema. "Andika tu, kengele inalia!"

"Unaiona tatu?"

"Siioni vizuri, lakini si lazima iwe kitu?"

Waithera alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Alichora visanduku viwili vitupu mahali pa alama zile, na kando yake akaandika: "Kona ya skrini imefifia. Alama mbili hazisomeki."

Jumamosi asubuhi walikutana Biashara Street, katika chumba kilicho nyuma ya duka la Mzee Surjit, kati ya mabunda ya waya na katoni za balbu. Mzee alikuwa na mashine ya umri mmoja na ile ya shule. Aliisoma karatasi, akagonga visanduku viwili kwa kidole.

"Hivi ni nini?"

"Sikuona, Mzee. Sikutaka kukisia."

"Vizuri sana. Kwa hiki ulichokiona, kosa linaweza kuwa mahali patatu tu. Patatu! Bila hiki ningekuwa natafuta kila mahali."

Mahali pa kwanza palikuwa pazima. Pa pili pia. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na nusu. Walipoijaribu mashine mahali pa tatu, ikaganda papo hapo, na Tata Njambi akacheka huku ameshika kichwa.

"Jamani, ni langu! Kosa ni langu mwenyewe." Aliwaonyesha. Ile sehemu aliyojivunia, ya kuhesabu ujumbe uliopotea, ndiyo iliyokuwa ikiandika hatua moja nje ya mwisho wa daftari. Katika mashine za kasi halikuonekana, lakini katika za zamani daftari lilijaa upesi, na hatua hiyo moja ikaangusha kila kitu. Tata alirekebisha mstari mmoja. Waliijaribu mashine mara ishirini, thelathini, hamsini. Haikuanguka.

Dakika ishirini kabla ya saa sita, Tata aliandika maelezo ya kutumwa pamoja na marekebisho. Waithera alisoma juu ya bega lake: "Kosa lilikuwa langu, Njambi. Limeripotiwa na Waithera, Riruta. Marekebisho yamejaribiwa na Surjit."

"Tata, usiweke jina langu. Mimi niliwapotezea siku mbili."

"Ulitupotezea, na wote wanajua kwa sababu uliwaambia," Tata alisema. "Katika kazi yetu anayeripoti huandikwa jina, ili siku nyingine watu wajue kama neno lake linashikika. Jumanne neno lako halikushikika. Jana ulichora visanduku viwili mbele ya kengele inayolia. Mimi naliweka jina."

Akabonyeza. Walisubiri, hakuna aliyegusa chai. Saa sita kasoro dakika nne jibu likaingia, maneno mawili tu kutoka kwa mtu aliye mbali sana: "Imekubaliwa. Asanteni." Mzee Surjit alipiga meza kwa kofi hata balbu moja ikaanguka kutoka kwenye katoni.

Jumatatu asubuhi Mwalimu Mungai aliingia darasani akasimama mbele ya chati ya mvua. Siku saba za mwezi ule zilikuwa zimekatwa kwa kalamu nyekundu, na kando ya kila moja, kwa mwandiko uliosimama wima, palikuwa na neno "haikupimwa".

"Waithera," aliita. "Siku saba?"

"Siku saba, Mwalimu. Nilikuwa nakisia. Ukitaka kumpa mtu mwingine kazi hii, nitaelewa."

Mwalimu Mungai aliisoma chati tena kutoka juu mpaka chini, kisha akawageukia wanafunzi.

"Wiki iliyopita chati hii ilikuwa imejaa, na kumbe haikuwa na faida kwangu, maana sikujua siku ipi ni ya kweli. Leo ina mapengo saba, na siku zote zilizobaki naweza kuzitumia. Kumbukeni hilo, kwenye mitihani, nyumbani, popote mtakapoulizwa mlichokiona. Usichokiona, sema hukukiona." Alichukua kopo la kupimia kutoka dirishani akamkabidhi Waithera. "Usiku mvua imenyesha. Nenda ukapime."

Waithera alitoka mbio kwenye matope, na viatu vyake vilikuwa vimepakwa rangi asubuhi hiyo hiyo.