Fundi Ilyas na Mguu Alioutunza

Adhana ya adhuhuri ilipoanza, nyundo za magereji ya mtaa wa Buyenzi zilinyamaza moja baada ya nyingine. Mafundi walifuta grisi mikononi, wakapita mbele ya mlango wa Ilyas wakienda msikitini. Ilyas aliwapungia mkono. Kisha akaswali peke yake, amekaa kitini, mguu wa kushoto ameunyoosha juu ya mto.

Mapema mwaka ule wa 1998, basi dogo alilopanda lilikimbia risasi barabarani, likapinduka. Paja lake likavunjika. Sasa mfupa ulikuwa umeunga, na plasta ngumu ilikuwa imeondolewa. Daktari alimwambia aanze kutembea. Ilyas alirudi nyumbani akakaa.

"Mungu anapokea swala ya kitini," mkewe Radhia alimwambia, alipomwona anafuta macho.

"Najua. Lakini mi natamani kuweka uso chini. Hivi nilivyo ni kama mutu anayemsalimu mama yake kupitia dirisha."

"Basi inuka ujaribu."

"Apana. Mguu huu nautunza."

Hapo ndipo alipokosea. Ilyas alikuwa fundi wa magari kwa miaka ishirini. Tangu nchi iwekewe vikwazo, piesi mpya, yaani vipuri vya magari, zilikuwa adimu. Gari lenye piesi iliyochakaa lilitembezwa kidogo tu, ili piesi isiishe. Akaupima mguu wake kwa akili hiyo hiyo. Mguu hauna piesi ya kubadilisha, kwa hiyo usipotumika utadumu. Lakini paja lilizidi kukonda, hata suruali ikaning'inia kama imeanikwa kwenye fito.

Radhia alichoka kungoja. Akamwita Pascaline, jirani aliyepanga chumba upande wa pili wa ua. Pascaline alikuwa kine, yaani kazi yake ilikuwa kuzoeza viungo vya wagonjwa vifanye kazi tena. Vita vilikuwa vimemtoa nyumbani kwake, mtaa wa Kinama.

"Fundi, kwa nini hutembei?" aliuliza.

"Kitu kikitumika kinaisha, dada."

"Chuma ndicho kinaisha. We ni chuma?"

"Kichwa chake tu," Radhia alisema.

Pascaline aliazima utepe wa Radhia wa kushonea, akapima mapaja yote mawili. La kushoto lilikuwa jembamba kuliko la kulia kwa upana wa vidole vitatu.

"Umelitunza miezi yote hii," alisema. "Mbona limepungua?"

Ilyas aliutazama utepe.

"Niambie, ukitoka chini, nini kinakuinua?"

"Goti. Linasukuma, kama kriki inavyoinua gari."

"Apana. Msuli hausukumi. Msuli unavuta tu, kama kamba." Pascaline akaingiza ncha za vidole vya mkono mmoja kati ya vidole vya mkono wa pili. "Ndani ya msuli mna nyuzi ndogo sana, jicho haliwezi kuziona. Ukitaka kusimama, ubongo unatuma amri kupitia mshipa wa fahamu. Nyuzi zinavutana, zinaingiliana hivi." Akasogeza mikono, vidole vikazama kati ya vidole. "Vidole vyangu vimefupika?"

"Apana. Mikono ndiyo imekaribiana."

"Ndivyo msuli wote unavyokuwa mfupi na mgumu. Unavuta kano, kano inavuta mfupa, goti linanyooka. Kukunja ni kazi ya msuli wa nyuma ya paja. Huo ukivuta, wa mbele unalegea."

Ilyas alishika paja lake. "Na kushuka kusujudu? Si mwili unashuka wenyewe?"

"Ungeshuka wenyewe ungevunja pua. Msuli wa mbele unashikilia, huku unaachia polepole. We huteremsha injini kwa mnyororo, huiachi ianguke."

"Na nisipoutumia?"

"Mwili haulishi wavivu. Nyuzi zinakonda. Ukizifanyisha kazi na ukala maharage na samaki wadogo wa ndagala, zinanenepa. Piesi ya gari haiwezi hivyo." Akakunja utepe. "Fundi, mi nina miguu mizima, lakini haiwezi kunifikisha kwangu Kinama. We unapotaka kwenda ni hapo chini tu."

Ilyas akausukuma mto pembeni. "Nionyeshe."

Alianza akiwa amelala. Aliweka kitambaa kilichokunjwa chini ya goti, akakigandamiza, akahesabu hadi tano, akaachia. Mwanzoni paja lilitetemeka kama jeli. "Kuchoka ni sawa," Pascaline alimwambia. "Maumivu makali, acha uniite." Wiki ya tatu alianza kusimama na kukaa kitini, polepole, Radhia akimkemea kila alipojibwaga. Wiki ya saba alifika gereji akijiegemeza kwa gongo moja. Wenzake walimtania, wakamuuliza kama amerudi na piesi zake zote.

Wiki ya tisa Pascaline alimruhusu kupiga magoti.

Adhuhuri hiyo Ilyas alitandika mkeka karibu na ukuta. Ulipofika wakati wa kusujudu, aliugusa ukuta, akaanza kushuka. Paja likawa gumu, likauma kwa uchovu, likamshikilia. Goti likagusa mkeka. Kisha mikono. Kisha paji la uso.

Mkeka ulinuka majani na vumbi. Alibaki hivyo, uso chini. Alisikia ndara za Radhia zikija mbio kutoka jikoni, zikasimama nyuma yake. Aliinuka bila msaada, akashuka tena, akamaliza swala yake.

"Nilidhani umekwama chini," Radhia alisema.

"Apana. Sikutaka kuinuka."