Chumvi Chini ya Ghorofa

Kila alfajiri Siti na mama yake waliteremka bondeni kuchota maji, wakarudi jua likiwa kali, kisha wakaipandisha mitungi ghorofani ngazi kwa ngazi.

Vita vya Maji Maji vilikuwa havijazuka, na Newala ilikuwa na ghorofa moja tu. Watu wa vijijini walikuja kuitazama mpaka shingo zikawauma, nayo kusema kweli ilistahili. Chini, upande wa mbele, babu yake Siti, Mzee Muharami, mwenye nyumba, aliuza chumvi na kaniki. Ubavuni Mrisho alishona kanzu. Nyuma, Mama Nikolao aliuza uji, mitungi yake imepangwa kando ya ukuta wa ghala la chumvi. Juu waliishi Siti, mama yake na babu. Mama Nikolao akikaanga samaki, ghorofani walishiba harufu.

Siku moja Siti aliuegemea mtungi uliojaa ili awachungulie dirishani askari waliokuwa wakipita njiani. Mtungi ukapinduka, maji yakapotelea kwenye nyufa za sakafu. Akausimamisha, akanyamaza.

Adhuhuri babu alifungua ghala, akakuta makanda matatu ya chumvi yamelowa chapachapa.

"Mama Nikolao, mitungi yako imenitia hasara. Kesho utafute pengine pa kupikia."

"Mitungi yangu haivuji, Mzee. Njoo uiguse."

Babu hakuigusa. Mama Nikolao akaanza kukusanya pawa zake za kupakulia uji. Siti alikuwa juu ya ngazi, akasikia yote. Mama huyu ndiye aliyekuwa akimwekea ukoko wa uji kila asubuhi. Akashuka.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Asubuhi si ulikwisha niamkia?"

"Maji nilimwaga mimi, babu. Nikaogopa kusema."

Babu alitazama dari. Lilikuwa bado linadondosha maji.

"Nisamehe, Mama Nikolao," babu alisema kwa sauti ndogo.

"Nimekusamehe. Lete hiyo chumvi kabla haijayeyuka yote."

Mrisho alitoa kitambaa safi, wakaichuja. Siti alileta kuni, Mama Nikolao akaichemsha mpaka maji yakakauka. Jioni chumvi ilibaki nyeupe vyunguni, imepungua kidogo tu.

"Mjukuu wangu," babu alisema, "nyumba hii tunakaa wengi, wengine juu ya wengine. Ukimwaga kitu sema upesi, tukinge. Ukinyamaza, kinamwangukia asiye na kosa. Mimi nami ningeigusa ile mitungi kwanza."

Asubuhi Siti alipewa ukoko wake. Ulikuwa na chumvi nyingi mno, naye aliumaliza wote.