Kata Tena, Nimsikie

Haya yalimkuta Arsène, rafiki yetu fundi wa kompyuta kule Bukoto, mtu asiyeweza kumnyima mfiwa. Mama mmoja, Nabintu, alimletea kompyuta ya nyumbani kwake. Marehemu bintiye, Princesse, alikuwa amerekodi wimbo kwenye programu ya zamani, na sasa faili lilikataa kufunguka.

"Nimsikie mara moja tu, ndugu yangu."

Arsène alikataa malipo. Alinakili faili kwenye laptop yake, akaandika skripti ya Python ya kulichambua. Ili ajue sauti imekaa wapi, alikata kipande cha ile nakala, akasikiliza. Ikatoka kelele kama mchanga unaomwagwa juu ya bati. Mvua ikaanza, umeme ukazimika, duka likawa giza; laptop ikaendelea kwa betri. Akakata kipande kingine.

"Tonton, mjomba, unaniumiza," ikasema sauti ya mtoto.

Arsène aliondoa mikono upesi. Nabintu alikuwa ameshalaza sikio kwenye spika, machozi yakimtiririka.

"Ni yeye! Kata tena."

"Dada, mtoto anaumia."

"Kidogo tu, nimsikie."

Akamhurumia, akakata. Mtoto akasikika akihema, karibu sana.

"Mama, ni wewe unayemwambia akate?"