Doa Kwenye Ubao wa Kichwani

Mwanzoni doa lilikuwa dogo tu, kama kisahani cha chai, katikati ya ubao wa kichwani wa kitanda cha Kidoti. Mama yake alilitazama akacheka. Yeye ni dobi, na wateja walimwita Bingwa kwa kuwa hakuna doa lililowahi kumshinda, liwe la wino au la grisi ya gari. Leo mafuta ya nywele ya mtoto ndiyo yamtoe jasho?

"Kidoti, mafuta unajipaka au unajimwagia?"

"Mama, sijapaka mafuta tangu unisuke."

Watoto na visingizio ni chanda na pete, kwa hiyo Bingwa hakujisumbua kumjibu. Alifanya kama alivyoelekezwa na kaka yake, mpiga vanishi, aliyeunda kitanda kile kwa mbao kuukuu akampa mpwa wake zawadi: maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, kitambaa laini, unafuta kwa kufuata mistari ya mbao, unakausha hapo hapo. Doa likaondoka, vanishi ikang'aa. Jioni likarudi.

Likawa linarudi kila siku, na kila likirudi limeongezeka. Kwanza kichwa, kisha shingo, kisha mabega mapana ya mtu mzima. Harufu yake ilikuwa nzito, ya mafuta yaliyochacha na nywele zisizooshwa. Bingwa akamhamishia mwanawe kitandani kwake, lakini asubuhi alimkuta amerudi kule, ameketi, mgongo umeegemea ubao.

"Bibi wa kwenye ubao ananinusa utosini," mtoto alinong'ona. "Anasema kule ndani kunambana."

Bingwa alimpigia kaka yake simu.

"Kaka, ule ubao uliutoa wapi?"

Kaka alishusha sauti: "Kuna nyumba walikuwa wanautupa. Dada, mtoe mtoto humo chumbani. Ukifuta, futa kwa upole. Vanishi usiikwaruze, na thina isiuguse ubao huo. Nakuja sasa hivi, nitakueleza."

"Mwanangu ananuswa, wewe unalilia vanishi yako!"

Akakata simu. Hasira zilikuwa zimempanda, na hasira za dobi anayeshindwa na doa hazina breki. Alimpeleka Kidoti barazani. Kisha akachukua thina anayotolea madoa ya grisi na waya wa kusugulia sufuria, akaingia chumbani mchana kweupe, jua likiwaka dirishani.

Alisugua. Vanishi ikavimba, ikachanika kama ngozi iliyoungua, na chini yake doa lilikuwapo, jeusi zaidi, akasugua tena, tabaka la pili likatoka na mabega yakaonekana wazi, na kidevu, na kitu kama mdomo, na harufu ikamjaa kooni hata akataka kutapika lakini mkono haukukubali kusimama, ulisugua tu, mpaka tabaka la mwisho likaachia na akasikia, karibu kabisa na sikio lake, pumzi ndefu ya mtu aliyefunguliwa mkanda uliokuwa umembana siku nyingi.

Harufu ikakatika. Ubao ukabaki mkavu, mweupe, safi. Bingwa akacheka peke yake kwa furaha.

Kaka yake aliingia akihema. Alipoona maganda ya vanishi sakafuni, alikaa chini.

"Tabaka la kwanza la vanishi doa lililipenya," alisema polepole. "La pili likalipenya. La tatu nililipaka huku nasoma dua, ndipo likatulia. Niliona haya kukwambia, ungenicheka."

"Lakini limeisha, kaka. Tazama!"

"Mtoto yuko wapi?"

Bingwa alikimbia barazani. Kidoti alikuwa ameketi vizuri tu, anachezea kamba za viatu. Mama akamkumbatia kwa nguvu, akampapasa nywele. Zilikuwa kavu. Moyo ukamtulia, akamshukuru Mungu kwa sauti.

Alipomwachia, gauni lake mwenyewe lilikuwa limelowa mafuta kifuani. Doa lilikuwa na kichwa, shingo, na mabega mapana kuliko ya mtoto yeyote.

"Bibi anasema huku kwangu kuna nafasi," Kidoti alisema, akitabasamu.

Kaka mtu alianza kusoma dua. Bingwa aliingia ndani akatoka na maji ya uvuguvugu na kitambaa laini. Akapiga magoti, akaanza kumfuta mwanawe uso, taratibu, kwa upole, huku machozi yakimtiririka, akiogopa kukwaruza.