Ramani ya Britta

Kila asubuhi, vyombo vya uji vikishaoshwa, meza ya jikoni kwa akina Tollefson iligeuka darasa. Mama aliipangusa kwa kitambaa chenye unyevu, akaweka kopo la penseli katikati, akafunga nywele zake. Britta mwenye miaka saba aliketi upande wa dirishani. Dada yake Maren, mwenye miaka kumi na mmoja, aliketi upande wa jiko. Hakuna kengele iliyolia. Mbwa wao mzee, Gus, alijilaza chini ya meza na kuhema kwa nguvu, na hapo shule ilikuwa imefunguliwa.

Wasichana hao hawakuwahi kusoma penginepo. Mama yao aliwafundisha mwenyewe nyumbani, kama zilivyofanya familia kadhaa za mji wao mdogo kaskazini mwa Minnesota. Kila mwezi wa Agosti lilifika sanduku lenye mtaala wa mwaka mzima: vitabu vya hadithi, picha, kazi za mikono, na kitabu kinene cha mwongozo wa mwalimu. Mwaka huu somo kubwa lilikuwa Mto Mississippi. Tatizo lilikuwa moja tu. Mtaala huo ulitungwa kwa watoto wa miaka sita hadi tisa, na Maren alikuwa ameshaupita umri huo.

“Si neno,” Mama alisema siku sanduku lilipofunguliwa. “Nitaurekebisha ukufae na wewe.”

Akaurekebisha kweli. Aliketi na penseli siku nne nzima, akaandika pembeni mwa kila ukurasa kazi ya kila mmoja. Maren alikuwa akipenda kuchungulia maandishi hayo, na kadiri alivyochungulia ndivyo moyo wake ulivyozidi kuwa mchungu. Chini ya jina la Britta palikuwa na maneno matamu: afinyange, apake rangi, aigize. Chini ya jina lake: asome sura ya tano, aandike kurasa mbili, atoe muhtasari. Isitoshe, kufinyanga kulihitaji mama wa kusaidia, na muhtasari haukuhitaji mtu. Basi kiti cha Mama kikawa upande wa dirishani kutwa.

“Mama, na mimi nifinyange,” Maren aliomba siku moja ya Januari, theluji ikiwa imefika usawa wa kibaraza.

“Wewe mkubwa sasa, mpenzi. Ulipokuwa kama Britta ulifinyanga volkano, umesahau?”

“Sijasahau. Ndiyo maana nataka.”

Mama akacheka, akidhani ni mzaha. Britta naye, mikono imejaa unga, akaanza kuimba, “Maren ana kazi za wazee! Mimi nina kazi za raha! Maren ana kazi za wazee!”

“Nyamaza, kidudu mtu we!”

“Maren!” Mama alikemea. “Mdogo wako huyo.”

Kila Jumanne familia zilizosomesha watoto nyumbani zilikutana maktaba ya mjini. Maren alimweleza masaibu yake Wendell, mvulana wa rika lake, akitarajia kuhurumiwa. Wendell akamkodolea macho.

“Yaani mama yako anakuachia usome mwenyewe, halafu unalia? Wangu ananikalia begani kama kunguru. Tubadilishane basi.”

“Hujui unachosema.”

“Wewe ndiye hujui ulichonacho,” Wendell akajibu, akarudi kwenye kitabu chake cha papa.

Maren hakufarijika hata kidogo. Kijicho kikishaota mizizi, ushauri haukipunguzi.

Wiki ile kazi ya Britta ilikuwa ramani. Yeye na Mama walikanda unga kwa maji na chumvi nyingi, wakautandaza juu ya sinia pana la kuokea, wakafinyanga nchi yote ambayo mto unapita, kuanzia ziwa dogo la Itasca unapochimbukia hadi baharini kusini. Walichora vilima kwa uma. Walipaka mto rangi ya buluu. Walichukua siku tatu, na siku zote hizo Maren alisikia vicheko vyao huku akisoma peke yake habari za meli za mvuke.

Baba aliporudi kutoka kazini, kwani yeye aliendesha gari la kuondoa theluji barabarani, alisimama mbele ya sinia bila hata kuvua buti.

“Aa! Nani kautengeneza mto huu?”

“Mimi!” Britta akaruka. “Na Mama! Hapa ndipo tulipo sisi, Baba, ona, nimeweka punje ya mchele!”

Maren alimpa Baba kurasa zake mbili. Alikuwa ameziandika kwa mwandiko wake bora, na mwishoni alikuwa amechora meli. Baba alisoma mistari michache. “Vizuri sana, mwanangu,” akasema, akazirudisha. Hakufungua ukurasa wa pili. Akainamia tena ramani kutafuta punje ya mchele.

Chakula kilikuwa supu ya kuku na mchele wa porini, ambayo Maren huipenda kuliko vyote. Siku hiyo aliiacha bakulini.

Kesho yake sinia lilikuwa juu ya rafu kwenye chumba cha kuvulia viatu, karibu na kipasha joto, likikauka. Saa nne na nusu Mama na Britta walikuwa sebuleni, Mama akisoma hadithi kwa sauti za wanyama. Maren akatoka kufuata soksi zake nzito. Akaiona ramani. Akaitazama kwa muda. Kisha akalishusha sinia, akaliweka sakafuni kando ya buti.

Alijiambia kwamba ameishusha aione vizuri. Lakini alijua. Gus alikuwa mbwa wa kula chochote: kalamu za rangi, glavu, hata sabuni. Maren akarudi jikoni na kuuacha mlango wazi kidogo.

Haukupita muda, Gus akanyanyuka chini ya meza akatoka. Maren akasikia ulimi ukilamba, kisha meno yakitafuna. Angeweza kuinuka. Zilikuwa hatua sita tu. Akafungua ukurasa uliofuata.

Alipokwenda kuangalia, kaskazini yote ilikuwa imeliwa. Hapo ndipo hofu ilipomshika. Alikusanya mabaki akayafukia kwenye pipa la taka nje, chini ya theluji, akalirudisha sinia juu ya rafu na kulisukuma nyuma kabisa lisionekane.

Baada ya chakula cha mchana Gus alikunywa bakuli zima la maji. Akajaziwa, akanywa tena lote. Kisha akatapika kwenye zulia. Alipojaribu kusimama, miguu ya nyuma ilipishana kama ya mlevi, na mwili wote ukaanza kutetemeka.

“Gus! Gus, una nini, baba?” Mama alipiga magoti. Halafu uso ukambadilika. “Dawa ya panya. Baba yenu aliiweka gereji juzi. Vaeni makoti, upesi!”

Zahanati ya wanyama ilikuwa mwendo wa dakika kumi. Daktari Haugen, mwanamke mrefu mwenye mvi zilizokatwa fupi, aliwapokea mlangoni, akasaidiana na Mama kumlaza Gus mezani. Akamfunua ufizi, akamsikiliza moyo.

“Kala nini?”

“Nadhani dawa ya panya,” Mama alisema. “Iko gereji. Sijaona pakiti iliyopasuka, ila sioni kingine.”

“Saa ngapi?”

“Sijui, Daktari.”

“Ni mimi!” Britta akaangua kilio. “Asubuhi nilienda gereji kuchukua kigari changu cha kuteleza kwenye theluji. Labda sikufunga mlango. Ni mimi nimemuua Gus!”

“Hajafa, mwanangu,” daktari alimwambia. “Tutaanza na tiba ya sumu ya panya, basi. Kama kuna anayejua lingine, aseme sasa hivi, maana tiba ya hiki siyo tiba ya kile.”

Maren alikuwa amesimama kando ya mlango. Akisema, wote watajua. Asiposema, hakuna atakayejua kamwe. Alimtazama Gus, ambaye macho yake yalikuwa yakizunguka bila kumwona mtu. Alimtazama mdogo wake, kamasi zikimtoka, amebeba kosa ambalo si lake.

“Si dawa ya panya,” akasema. “Amekula ramani.”

“Ramani gani?” Mama akauliza.

“Ya Britta. Ile ya unga na chumvi.”

Daktari akageuka upesi. “Chumvi kiasi gani?”

“Kikombe kimoja kwa viwili vya unga. Amekula kama theluthi ya sinia. Saa nne na nusu.”

“Una hakika na saa?”

“Nina hakika. Nilimsikia akila.”

Daktari hakuuliza zaidi. Alimwita msaidizi wake, akaagiza damu ipimwe chumvi na dripu itayarishwe, kisha akawaomba wasubiri nje.

Nje, kwenye viti vya plastiki, Mama hakupandisha sauti. Hilo lilikuwa gumu zaidi.

“Ilishukaje kwenye rafu?”

“Nimeishusha mimi.”

“Kwa bahati mbaya?”

“Makusudi.” Maren alianza kulia. “Nilitaka iharibike. Sikujua kwamba chumvi itamdhuru, wallahi sikujua. Nilitaka ramani tu iharibike.”

Britta aliinuka taratibu, akaenda kuketi kiti cha mwisho kabisa, akawapa mgongo.

“Kwa nini, Maren?” Mama akauliza.

“Kwa sababu wewe ni mwalimu wa Britta. Mimi nina kitabu tu.”

Mama alitazama mikono yake, ambayo bado ilikuwa na rangi ya buluu kwenye kucha.

Saa nzima ilipita kabla daktari hajatoka. “Chumvi ilikuwa imepanda sana kwenye damu,” alisema. “Tunaishusha polepole, maana ikishuka kwa haraka ubongo huvimba. Atalala hapa kwetu. Nadhani atapona.” Akamgeukia Maren. “Ungeninyamazia, ningepoteza muda kutibu sumu ambayo hana. Sisemi ulichofanya asubuhi ni kizuri. Nasema ulichofanya hapa kimemsaidia mbwa wako.”

Gus alirudi siku ya pili, amelegea, akitaka kulala tu. Maren alipewa adhabu yake: kwa wiki tatu yeye ndiye angemlisha, kumtoa nje kwenye baridi na kusafisha zulia. Hakulalamika. Kilichomuuma ni Britta, aliyekataa kabisa kumsemesha.

“Niko tayari kukusaidia kutengeneza nyingine,” Maren alimwambia.

“Sitaki mikono yako kwenye mto wangu.”

Jumatatu Mama alikileta kile kitabu cha mwongozo wa mwalimu mezani, pamoja na kifutio, akavuta kiti upande wa jiko.

“Nilikosea hesabu,” alimwambia Maren. “Nilidhani kumfundisha mtoto mkubwa ni kumwongezea kurasa na kumpunguzia mama. Sasa niambie. Katika mto huu wote, unataka kujua nini?”

Maren alifikiri. Hakuna aliyewahi kumuuliza. “Nataka kujua maji yanachukua siku ngapi kutoka Itasca mpaka baharini. Na kama ningetupa kijiti leo, kingefika lini.”

“Mimi sijui.”

“Hujui?”

“Sijui hata kidogo. Itabidi tutafute wote.”

Wakafuta, wakaandika upya. Maren angeendelea kusoma sura zake, lakini badala ya muhtasari kila siku, angefanya uchunguzi mmoja mkubwa kwa mwezi na kuwaeleza watu wa Jumanne kule maktaba. Na kila siku saa nane mchana, Britta akiwa anacheza chumbani, nusu saa ingekuwa ya Maren na Mama peke yao.

Britta naye alishikilia kimya chake siku tano. Siku ya sita alikuja na masharti. “Utakanda unga, na utachota maji, na mimi ndiye bosi. Na sinia litawekwa juu ya jokofu.” Maren akakubali yote. Alikanda mpaka mabega yakamuuma. Alipogundua kwamba ramani ya kwanza ilikuwa imeufupisha mto upande wa kusini, alipima kwa rula na kumwonyesha bosi wake, na bosi akaridhia kuurefusha, ingawa kwa kununa.

Alasiri hiyo, Maren na Mama wakiwa wamejifungia sebuleni na hesabu za maili na siku, Maren aliuliza jambo lililokuwa likimkaa rohoni.

“Mama, mimi ni mbaya?”

“Hapana. Ulitenda ubaya, na hayo ni mawili.” Mama aliweka penseli chini. “Wivu humpata kila mtu, mwanangu, hata mimi. Huna haja ya kuuonea aibu. Lakini anayesema ‘naumia’ husaidiwa. Anayeficha maumivu huishia kulipiza, na kisasi hakichagui wa kumwangukia. Ulimlenga Britta, kikampiga Gus, ambaye hakuwa na kosa lolote. Siku nyingine nikikusahau, nivute mkono uniambie. Nikicheka, nivute tena.”

“Na kama nimeshakosea tayari?”

“Basi sema mapema. Mficha maradhi, kilio humuumbua.”

Maren akatikisa kichwa kukubali. Waliinamia tena hesabu yao, vichwa vikigusana. Mara mlango ukagongwa.

“Mnafanya nini humo siku zote?” Ilikuwa sauti ya Britta, nyembamba, yenye donge la kilio. “Kwa nini mimi siingii?”

Mama alimtazama Maren. Maren aliijua sauti ile vizuri mno. Alikuwa ameishi nayo miezi mitano. Akainuka, akafungua mlango kidogo, akachuchumaa mpaka macho yao yakalingana.

“Dakika kumi zimebaki,” alisema kwa upole. “Hizi ni zangu. Zikiisha nitakuita mimi mwenyewe, nikuonyeshe kwenye hesabu kijiti chetu kimefika wapi. Sawa?”

Britta akapangusa pua. “Kweli utaniita?”

“Kweli.”

Na zilipoisha, alimwita.