Magari Mawili, Kiti Kimoja

Mtaa wa vipuri siku ya Jumamosi ni vurugu tupu. Mafundi wamechuchumaa kando ya barabara wakisugua bolti kwa petroli, wauzaji wanawavuta wateja mashati, na harufu ya grisi inakaa kooni mpaka jioni. Katikati ya vurugu hiyo, mwanaume mrefu mwenye ovaroli ya buluu alikuwa ameegemea kaunta ya duka moja akibishana juu ya gia ya tatu.

Muuzaji alimwambia tena kwamba giaboksi ya gari la aina yake haitengenezwi popote siku hizi, na vipande vyake vimekwisha. Labda apate gari la kuchinja. Kuchinja, kwa wenye magari makuukuu, ni kulivunja gari moja ili viungo vyake vilifufue jingine. Jamaa akauliza atalipata wapi, maana yaliyobaki barabarani yanahesabika kwa vidole.

Kabla hajajibiwa akasikia mlio nje, akageuka. Gari kubwa jeupe, la zamani, pacha wa lake mwenyewe, lilikuwa linarudi nyuma kuingia katika nafasi finyu kati ya mikokoteni miwili, na giaboksi yake ikivuma laini bila kukwaruza. Jamaa alitoka dukani bila kuaga. Akalizunguka, akainama kuchungulia uvunguni, akaipapasa bodi kwa kiganja. Ndipo akakumbuka kumtazama mwenye gari. Mwenye gari aliuona mpangilio huo, gari kwanza kisha yeye, kwa macho yake mawili, akaupuuza, kwa sababu jamaa alikuwa na mabega mazuri.

Watu walimwita Sindano. Alikuwa mshona viti vya magari, na jina lilitokana na kazi yake, ingawa waliowahi kugombana naye walisema lilitokana na ulimi. Siku hiyo alivaa jinzi iliyopauka magotini, blauzi ya njano na hereni kubwa za shaba.

"Dada, hili gari ni lako?" jamaa akauliza.

"Hapana, nimeliiba. Nisaidie kulificha."

"Nani kalitunza hivi?"

"Mama yangu. Na ukimaliza kulipapasa, mimi nina shida na mpira wa rejeta."

Jamaa alimfungia mpira huo yeye mwenyewe pale pale, akichafua ovaroli aliyoivaa kwa ajili ya kazi yake halisi. Alikuwa fundi wa lifti za maghorofani, mtu wa kushinda ndani ya mashimo yenye giza akining'inia kwenye nyaya. Gari lake alikuwa amelipandisha kwa springi ndefu na kulifunga matairi mapana, hata ukitaka kuingia unapanda kama anayekwenda darini. Sindano alipoliona tu akalipa jina la Ghorofa, na jina likamkaa mwenyewe badala ya gari.

Mapenzi yao yaliota uvunguni mwa magari. Ghorofa alikuja kila mwisho wa wiki, na walilala chali kwenye maboksi yaliyotandazwa uani, nyuso zimejaa vumbi, wakipokezana spana na busu. Sindano alimshonea viti upya, ngozi nyeusi na uzi mwekundu, mshono wa mara mbili. Usiku simu zilikuwa hazikatiki.

"Kipenzi, umelalaje?" Ghorofa angeuliza.

"Sijalala bado. Nakuota nikiwa macho."

"Na yeye je? Havuji mafuta?"

"Ghorofa, wewe una wapenzi wangapi?"

"Wawili tu. Mmoja ana injini."

Sindano alicheka mpaka akajifunika uso na mto. Ukipenda, hata matusi unayasikia kama nyimbo.

Mama yake hakucheka. Alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke mnene wa maneno machache, na gari lile jeupe ndilo lililombeba miaka yote kwenye barabara za matope kuwafuata wanawake wenye uchungu. Watoto kadhaa walizaliwa kwenye kiti chake cha nyuma kwa kukosa subira. Magoti yalipokataa kukanyaga klachi akamkabidhi bintiye ufunguo, lakini kila asubuhi Sindano alipolipasha moto gari uani, mama alitoka na kikombe chake cha chai, akaketi kwenye kiti cha plastiki na kusikiliza injini. Hakuwa na raha nyingine ya maana. Akishaisikiliza, siku yake ilikuwa imeanza.

"Huyo anakuja kukuona wewe au kuona giaboksi?" alimuuliza bintiye siku moja.

"Mama, wivu huo."

"Nimeuliza tu," mama akasema, na kumalizia chai yake.

Wenye magari yale walikuwa na kikundi chao, na kikundi kilikuwa na msafara mkubwa mara moja kwa mwaka, siku nne za milima na mito. Kulikuwa na desturi moja ambayo hakuna aliyeiandika wala aliyeivunja. Mwanamke aliyekaa kiti cha mbele kwenye msafara ndiye mwenyewe. Hawara alikaa nyuma, au hakuja kabisa. Wanaume wa kikundi walichumbia hivyo, bila hotuba, kwa kufungua mlango wa mbele mbele za watu. Sindano alikuwa amepita umri ambao majirani huuliza kwa upole lini ataolewa, na sasa walikuwa wanauliza kwa kejeli. Alikitaka kiti kile. Alikitaka hadharani, juani, kila mtu aone.

Wiki chache kabla ya msafara, giaboksi ya Ghorofa ilikufa. Gia ya tatu ilisagika ikachukua na ya pili. Alikuja kwa kina Sindano kwa miguu, akaketi ngazini, akaliangalia gari jeupe muda mrefu kabla ya kusema.

"Tukioana tutakuwa na magari mawili mazee yanayogombania vipuri," alisema. "Tuunganishe, Sindano. La kwako lina moyo mzima, la kwangu lina miguu na bodi. Tutengeneze moja, liwe letu."

Sindano alisikia neno moja tu katika yale yote. "Tukioana?"

"Sasa nani mwingine atakaa mbele?"

Alimwendea mama jikoni na kumwomba. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, angependa hata upatikane, lakini mama aliendelea kumenya vitunguu. Akasema gari ni la Sindano, alishampa, na mtu hampi mtu kitu kisha akakishikilia mkia. Kesho yake kikombe cha chai kilinywewa ndani, mlango umefungwa.

Wakalichinja. Ghorofa alileta winchi ya kuning'inizia na mafundi wawili kutoka kikundini. Injini ikatoka, giaboksi ikatoka, difu zote mbili, ya mbele na ya nyuma, zikatoka zikidondosha mafuta meusi kwenye saruji. Sindano alifumua viti vya mama yake kwa wembe, mshono baada ya mshono, na chini ya kiti cha nyuma akakuta pini ya nepi imeota kutu. Akaitupa, akaendelea. Walipomaliza, bodi tupu ilibaki juu ya matofali ikitazama dirisha la chumba cha mama.

Gari jipya lilitoka zuri ajabu, tusidanganyane. Lilikuwa na urefu wa gari la Ghorofa na mvumo wa gari la mama. Siku Ghorofa alipoliwasha mara ya kwanza alimnyanyua Sindano juu na kumzungusha, na Sindano akasahau kutazama dirishani.

Asubuhi ya msafara alivaa gauni la kitani la rangi ya machungwa alilojishonea, kofia pana, viatu vya kufunga kamba. Akafika kwa bodaboda kwenye kituo cha mafuta walikokubaliana kukutana. Magari yalikuwa yamejipanga, injini zinanguruma, wake na wachumba wamekaa mbele wakipaka mafuta midomo. Katika gari la Ghorofa kiti cha mbele kilikuwa na mtu. Alikuwa dada wa mwenyekiti wa kikundi, miwani myeusi, viatu amevua, nyayo zimewekwa juu ya dashibodi.

Ghorofa alimvuta Sindano pembeni kabla hajauliza. Akaeleza haraka haraka kwamba dada huyo ndiye aliyempa winchi mpya ya gari na matairi manne, vitu anavyoviagiza kutoka nje, na alichoomba ni kuona njia vizuri tu. Hakuna lolote baina yao. Ni kwenda tu. Kurudi, Sindano atakaa mbele.

"Umeuza kiti changu kwa matairi," Sindano alisema.

"Usikuze mambo, mpenzi. Kiti ni kiti. Nyuma kuna nafasi kubwa, nimekuwekea na mto."

"Nimemchinjia mama yangu gari lake."

"Na limo humu ndani, si ndilo tunalopanda? Ingia basi, watu wanatungoja."

Kwenye gari la jirani mtu alicheka, akaziba mdomo. Dada wa mwenyekiti hakugeuza hata shingo. Sindano alimpa Ghorofa kikapu cha chakula alichobeba, maana hakujua afanye nini kingine na mikono yake, kisha akatembea kuelekea barabarani na kofia yake pana. Msafara ulimpita. Alisikia giaboksi ya mama yake ikibadilisha gia, ya kwanza, ya pili, laini kabisa.

Ghorofa alipiga simu kutoka milimani kila alipopata mtandao. Kwanza alikasirika. Kisha akasema Sindano hakumwelewa. Kisha akaacha ujumbe wa sauti akilia, upepo ukivuma nyuma yake, akisema amemhamishia yule dada kiti cha nyuma na mbele amekaa peke yake, na watu wote wanamcheka. Sindano aliusikiliza ujumbe huo tena na tena. Alimpenda. Hilo ndilo lililomtia hasira kuliko yote.

"Atarudi," mama alisema, akitazama bodi iliyokaa juu ya matofali. "Bado kuna milango mizuri pale."

Alirudi kweli, amekonda, na pete ndani ya kiboksi cha buluu. Alipiga magoti uani kwenye madoa yale ya mafuta. Alisema alikuwa mpumbavu, kwamba ameishi peke yake na chuma mpaka akasahau watu wanavyohesabu mambo. Aliomba aambiwe afanye nini.

Sindano alikuwa na jibu tayari. Alikuwa amelilea siku nyingi.

"Lichinje," alisema. "Lile gari. Wewe mwenyewe, kwa mikono yako, hapa hapa. Kisha ulikate, lisiungike tena. Ukimaliza nitavaa pete."

Uso wa Ghorofa ulipauka. Sindano aliona, na moyoni akaomba akatae. Angekataa, angalau Sindano angejua kwamba yupo mtu anayeweza kukipenda kitu mpaka mwisho. Ghorofa alisimama, akapangusa magoti.

"Jumamosi," alisema.

Jumamosi hiyo gari liliingia kwa geti likivuma. Mlango wa nyumba, ambao ulikuwa haujafunguliwa asubuhi tangu mama alipoombwa gari, ukafunguka. Mama alitoka na kikombe mkononi, akikokota kiti cha plastiki, chai ikimwagika kwa haraka aliyokuwa nayo. Hakutazama bodi wala matairi. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, anasikiliza, na uso wake wote ulikuwa umefunguka.

"Umenirudishia, mwanangu?" alimwambia Ghorofa. Hakuwahi kumwita hivyo.

Ghorofa alimtazama Sindano. Mkono wake ulikuwa bado kwenye ufunguo, injini inaunguruma taratibu. Ilikuwa rahisi. Neno moja lingetosha, na Sindano alilihisi neno hilo kinywani, acha. Lakini alikumbuka nyayo za mwanamke yule kwenye dashibodi, na kicheko kile kilichozibwa kwa kiganja.

"Zima," Sindano alisema. "Anza na bolti za giaboksi."

"Sindano, mama yako..."

"Unataka kunioa au hutaki?"

Akazima. Alifanya kazi kutwa nzima bila kula. Aliteremsha giaboksi, akaipasua kwa nyundo kubwa, gia zikatawanyika kwenye saruji. Aliigawa chesisi kwa grainda, cheche zikiruka mpaka kwenye kamba ya nguo, na machozi yakamchora mistari kwenye masizi ya mashavu. Mama aliketi akitazama. Hakulia wala hakuomba. Alifanya kama alivyofanya katika kazi yake ya ukunga mtoto alipotoka mfu, alikaa mpaka kazi ikaisha.

Jua lilipoinama, uani palibaki magari mawili yaliyokufa, moja juu ya matofali na jingine vipande vipande. Ghorofa alinawa mikono kwenye ndoo, akaja na kiboksi. Sindano alinyoosha kidole. Pete ilimkaa barabara. Walitazamana, na kila mmoja aliona alichoweza kufanya mwenzake, na hakuna aliyeinamisha macho. Ghorofa alimbusu. Midomo yake ilikuwa na ladha ya chuma.

Sindano akageuka na kumwonyesha mama mkono wake.

Mama alikuwa ameshainuka, amekumbatia kiti chake cha plastiki, anakirudisha ndani. Alisimama mlangoni, akawaangalia wote wawili kwa zamu, kwa makini, kama mtu anayelinganisha.

"Mnafaana," alisema, akafunga mlango.