Pembetatu kwenye Mkono wa Kiti

Mwenye hoteli alikutwa amelala chali kwenye chumba cha faragha, saa saba na dakika kumi mchana, uso umevimba kama puto. Samaki wake alibaki nusu sahanini. Zulia la chumba kile lilikuwa nene kiasi kwamba mtu wa kilo mia na ushei alianguka na hakuna glasi iliyotikisika.

Inspekta alisimama mlangoni, mikono nyuma. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye viatu vya kutembelea. Kituoni walimwita Kupe, akiwa hayupo, kwa sababu akishang'ata haachii. Inasemekana aliwahi kumfuatilia mwizi wa kuku siku tisa, mpaka mwizi akajipeleka mwenyewe rumande ili apate usingizi.

"Karanga," alisema daktari wa polisi, akivua glavu. "Alikuwa na mzio nazo. Koo limejifunga. Kipimo cha haraka kimeonyesha unga wa karanga kwenye mchuzi."

"Mtu mwenye mzio wa namna hiyo hatembei na dawa?"

"Sindano ya dharura. Wote hapa wanasema ilikuwa haitoki kwenye koti lake."

Koti lilitundikwa ukutani. Mifuko yote ilikuwa mitupu.

Inspekta aliipitia meza kwa macho, kitu kimoja kimoja. Kisu. Uma. Kipande cha ndimu. Halafu kiti. Kwenye mkono wa kiti kililazwa kitambaa cheupe cha kujipangusia midomo, kimekunjwa pembetatu, ncha ikitazama chini, nadhifu kabisa. Alikifunua kwa kibano. Ndani kulikuwa na mate na mchuzi.

"Huyu bwana alikuwa anakabwa koo," alisema. "Alipata wapi nafasi ya kukunja kitambaa?"

Simu ya Inspekta ikalia. Alikuwa mkuu wa kituo.

"Mpishi mmemkamata?"

"Yuko chini ya ulinzi, mkuu. Lakini kuna kitambaa hapa—"

"Waandishi wa habari wako getini. Saa kumi afunguliwe mashtaka ya mauaji."

"Mkuu, naomba mpaka kesho."

"Saa kumi." Simu ikakatwa.

Mpishi wa michuzi alikuwa ameketishwa stoo, juu ya kreti la soda. Binti wa miaka ishirini na tano hivi. Aproni yake ilikuwa imelowa kifuani, duara mbili. Inspekta hakuhitaji kuelezwa. Alikuwa amelea watatu.

"Ana miezi mingapi?"

"Minne. Yuko kwa mama yangu. Ananyonya saa tisa."

Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na nusu.

"Sufuria lako tumelipima, ni safi. Karanga ziliingia nje ya jiko."

"Basi niacheni niende, Afande."

"Wakubwa hawataki sufuria, wanataka mtu. Niambie, ukimaliza kula, kitambaa chako unakikunjaje?"

Binti alimtazama kama mtu aliyeulizwa bei ya mwezi. "Afande, mimi nakula nimesimama, kwenye mwiko. Kitambaa changu ni hii aproni."

Mhudumu aliyepeleka chakula aliitwa Ngazi, na ukimwona unaelewa.

"Sahani niliitua kwenye meza ndogo ya korido, nikarudi kufuata ndimu. Bosi akikosa ndimu anageuka chui."

"Ilikaa pale muda gani?"

"Dakika mbili."

"Halafu?"

"Nikamwekea mezani, nikafunga mlango. Hapendi kutazamwa akila. Baada ya robo saa nikaja kutoa sahani, nikamkuta chini. Sikuingia, Afande. Miguu iligoma. Mlinzi alinikuta nimeng'ang'ania mlango, na tukasimama pale wote wawili mpaka mlipofika."

Inspekta alimwonyesha picha ya kitambaa. "Hii kazi ya nani?"

Ngazi aliinama. Ilimchukua muda kufika. "Mgeni akinyanyuka mezani, tunamkunjia kitambaa, akirudi akikute. Lakini sisi tumefundishwa mstatili, kushoto kwa sahani. Pembetatu kwenye mkono wa kiti ni ya wahudumu wa zamani."

"Wako wapi?"

"Wamestaafu wote." Akajikuna shingo. "Labda yule aliyepanda cheo."

Aliyepanda cheo alikuwa meneja. Ofisi yake ilikuwa hatua kumi kutoka ile meza ya korido. Mzee mrefu, suti nyeusi, sauti ya chini.

"Marehemu alikuwa shemeji yangu," alisema. "Alimwoa dada yangu, naye hatunaye tena."

"Pole sana. Leo uliingia kile chumba?"

"Sijatia mguu mle tangu asubuhi. Nilikuwa ofisini mpaka niliposikia kelele."

"Tukaongelee ukumbini, meneja. Magoti yangu si ya kiti hiki."

Ukumbi ulikuwa mtupu. Inspekta alishawaondoa wahudumu wote. Walikaa, chai, uma na vitambaa vikiwa vimeshawekwa. Aliuliza kuhusu milango, zamu, funguo. Meneja alijibu bila kujikwaa. Saa tisa na nusu ikapita. Kwa mbali, stoo, mtu alikuwa analia kwa kujizuia.

Simu ya Inspekta ikaita, kama alivyopanga na sajini.

"Samahani." Alinyanyuka, akakiacha kitambaa chake kikiporomoka sakafuni, akaenda nyuma ya nguzo. Huko alikaa dakika tatu akisema "ndiyo, ndiyo" kwenye simu isiyosema kitu. Alikuwa na nafasi hiyo moja tu.

Aliporudi, kitambaa kilikuwa kwenye mkono wa kiti chake. Pembetatu. Ncha chini.

"Nani amekunja hiki?"

Meneja alikitazama. Kisha akaitazama mikono yake, kama vile imerudi kutoka safari bila kuaga.

"Mhudumu, labda."

"Tuko wawili tu humu, meneja. Na sajini yangu yuko nyuma ya pazia lile tangu tulipoingia."

Pazia likatikisika. Meneja hakugeuka. Alitia mkono mfuko wa ndani wa suti yake, polepole, akatoa sindano ya dharura, akailaza mezani. Aliinyoosha ikae sambamba na uma.

"Miaka kumi na tisa iliyopita," alisema, "dada yangu alikuwa hospitali. Mimi nilikuwa nahudumia ukumbi huuhuu, chakula cha mchana cha wageni wakubwa. Hospitali walipiga simu mara mbili. Dada anamwita kaka yake. Shemeji alimwambia mama aliyekuwa anapokea simu: tutawapigia baada ya chakula. Mimi sikuambiwa, akafa hajaniona. Nilikuwa nakunja vitambaa."

"Ulijua lini?"

"Wiki iliyopita. Yule mama wa simu anaumwa, alitaka kuutua mzigo."

"Ukatia karanga sahani ikiwa korido."

"Na sindano niliitoa nilipomvua koti asubuhi. Mhudumu alipoondoka nikaingia. Shemeji alikuwa ananionyesha koti kwa kidole. Nikamwambia, shemeji, baada ya chakula. Kitambaa kilianguka. Sikumbuki kukiokota."

Inspekta aliitazama ile sindano. Alikuwa na kaka, naye.

"Na yule binti wa stoo? Ana mtoto wa kunyonya."

"Ningesema ukweli."

"Lini?"

Meneja aliinyoosha tena sindano mezani.

"Baada ya chakula?" aliuliza Inspekta.

Mzee aliinamisha kichwa. Sajini alipomtia pingu na kumnyanyua, kitambaa chake kilimteleza mapajani kikaanguka zuliani. Mikono ilitaka kukifuata. Pingu zikaizuia.

Saa kumi kasoro dakika tano, mpishi wa michuzi alitoka geti la wafanyakazi akikimbia, aproni bado kifuani. Waandishi wa habari wakampisha, wakidhani ametumwa kitu dukani.